Barua ya Mihuri Sita

Wadogo zangu wa ofisini, siku ya kuniaga mlinishika mkono mkaniambia, "Bi Mwanaidi, usiondoke na kazi yote kichwani, tuandikie." Nimekaa wiki tatu sina la kufanya, mguu mmoja Guangzhou na mwingine Tanga, nikaona bora nitii. Habari za kupanda vyeo sitaandika, kwani ofisi yetu ya ukalimani ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye ufunguo na asiye na ufunguo. Mshahara nao siutaji, nisije nikawakatisha tamaa mapema. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa moja nililolifanya nikiwa tayari mzoefu wa kuwafundisha wengine. Kosa hilo nusura limharibie maisha binti wa watu, na mpaka leo linanikosesha raha.

Nilikuja huku kumfuata mume wangu aliyekuwa akisafirisha nguo. Biashara ikamshinda, akarudi nyumbani; mimi Kichina kilikuwa kimeshaninasa, nikabaki. Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Shahe, kwenye yale maghorofa ya nguo za bei ya chini, asubuhi watu wakisukumana na mabunda. Mteja wangu alikuwa mama mmoja wa Mwanza aliyetaka magauni ya watoto. "Mwambie huyu laoban mwenye duka anipe bei ya jumla, pisi mia mbili," alisema, "na sampuli anipe bure. Hiyo yake ni tai gui, ghali mno, atanifilisi." Nikatafsiri. Mwenye duka akasema, "Mei you, mei you." Nami nikamgeukia mama nikamwambia hakuna. Mama akabeba mkoba wake akaenda zake.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mzee Liang, mwenye ofisi, amekuja kunipima. Alimkimbilia yule mama akamrudisha, kisha akaninong'oneza, "'Hakuna' ya huyu ni ya mdomo tu. Angalia mkono. Mkono uko wapi?" Mkono wa mwenye duka ulikuwa bado juu ya kalkuleta. Magauni yalinunuliwa, na mimi nilirudi nyumbani na homa ya aibu. Tangu siku hiyo hutazama mikono kwanza, midomo baadaye, na nawaombeni nanyi mfanye hivyo.

Mzee Liang mlimkuta ameshastaafu, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Ujanani alipelekwa na serikali yake kwetu wakati wa kujenga reli, akawa mkalimani wa mafundi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha na kutania, na kila mwanamke kwake alikuwa mama, hata awe na miaka kumi. Ofisini kwake, ghorofa ya nne pale Huanshi Zhonglu, alikuwa na meza moja, kamusi mbili (moja haina jalada mpaka leo, msiitupe), na kioo cha kukuzia maandishi ya mihuri. Kabla ya kupokea kazi yoyote alimuuliza mteja swali moja: "Karatasi hii atasoma nani?" Kisha alitudai tutafsiri kila kilichomo, pamoja na mihuri, ndani ya mabano ya mraba: umbo lake, rangi yake, maneno yake. "Mkalimani asiyesoma muhuri," alisema, "ni daktari asiyeangalia ulimi wa mgonjwa."

Kuhusu mihuri, niseme jambo ambalo mgeni hulijua kwa kuchelewa. Huku muhuri mwekundu ni kitu cha kila siku kama chai. Kamati ya wakazi inao, shule inao, kampuni ya kuuza vifungo inao, na mtu hapigi hatua bila kupigiwa muhuri mahali. Kwetu nako, barua isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Mimi nikiwa katikati ya nchi hizi mbili, nilijifunza kuipenda mihuri kuliko inavyostahili. Wafanyabiashara niliowatumikia walikuwa wakiniambia, "Bi Mwanaidi, ongeza muhuri, hawa wa bandarini bila muhuri hawakuelewi," nami nikiongeza. Miaka mingi haikunidhuru.

Baadaye walianza kuja wateja wa aina nyingine: vijana wa Kichina wanaokwenda kusoma nje. Wengi walikwenda nchi za mbali zenye baridi, na sisi tuliwasikia tu. Wachache walikuja kwetu kwa sababu walikwenda kusoma Afrika, wakataka kufundishwa Kiswahili cha kuombea maji na kulipia chumba. Nikafungua darasa la alasiri, watu watano au sita kuizunguka ile meza moja.

Pale Dengfeng, kwenye mgahawa tunaokula pilau, hawakuniacha nipumue. Hemed, Mzanzibari anayepakia makontena, ndiye aliyekuwa mbele. "Bi Mwanaidi, siku hizi mwafundisha majasusi?" alinitania mbele za watu. "Mchina hatoki kwao bila kutumwa, sista. No way. Serikali ndiyo inayolipa, serikali ndiyo inayouliza. Hakuna cha free."

"Jasusi gani, Hemed? Jana mmoja kanililia kwa sababu ya mtihani."

"Ndiyo training yenyewe hiyo."

Watu walicheka, nami nilicheka, lakini sitawadanganya: moyoni niliamini nusu. Kilichoniponya ni fomu. Mkalimani huona makaratasi ya mtu kama fundi cherehani anavyoona vipimo vyake. Wengi waliopita mkononi mwangu walilipiwa na wazazi, watu wa vibanda na viwanda vidogo. Wachache walikuwa na ufadhili wa serikali, na hao waliwekewa masharti kweli: kurudi wakimaliza, ndugu wawili wawadhamini, alama zao zipelekwe kila muhula. Na wote, wa mzazi na wa serikali, walikuwa na kundi la simu la wanafunzi wenzao wa Kichina walioko nchi wanayokwenda, ambako mtu fulani hukusanya majina na kuwaita wajipange na bendera akija mgeni mkubwa. Mmoja aliniambia alikwenda kwa sababu walipewa chakula. Mwingine aliniambia alikwenda kwa sababu asiyekwenda huonekana. Kusema wote wametumwa ni uongo, na kusema hakuna anayewatupia jicho ni uongo pia. Mkiulizwa, jibuni hivyo hivyo, hata kama muulizaji ataondoka hajaridhika.

Meiqi alikaa darasani kwangu miaka miwili. Mama yake aliuza vifungo na zipu Shahe, vibanda viwili vilivyotazamana, na binti alikulia chini ya meza ya kimojawapo. Alipata nafasi ya shahada ya pili katika chuo kimoja cha kwetu, akachagua kuandika juu ya nyimbo za kina mama wanapokaa kusuka ukili wa mikeka. Nilimuuliza kwa nini asichague kitu cha kumpatia kazi. Akaniambia mama yake na majirani zake huimba wakihesabu vifungo, na yeye hajawahi kuona mtu akiandika nyimbo za watu ambao mikono yao haijapumzika. Nilimpenda hapo hapo. Nikamwambia atafikia kwa mdogo wangu Zena, Tanga, kwani uwanjani pa nyumba yake ndipo wanapokaa wasukaji wa mtaa. Mama yake akauza kibanda kimoja ili aende.

Alihitaji barua ya kumtambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Idara yake ya chuo cha huku ilimpa moja, nusu ukurasa, muhuri mmoja. Niliitazama nikaona haina uzito. Hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kujiamini. Nilimwambia, "Binti yangu, nawajua watu wa ofisi za kwetu. Muhuri mmoja watakuzungusha. Nenda ukatafute mingine." Akaniuliza ipi. Nikamtajia yote niliyoifikiria. Akaenda chuo kikuu chenyewe, akaenda kamati ya wakazi ithibitishe anakoishi, akaenda polisi akapewa hati ya kutokuwa na makosa, akaenda umoja wa vijana wa chama ambao yeye na karibu darasa lake lote waliandikishwa wakiwa shuleni, akamalizia ofisi ya kuthibitisha nyaraka. Jumla mihuri sita, mingine ina nyota katikati. Nikaibana yote pamoja, nikaitafsiri neno kwa neno, kila muhuri ndani ya mabano yake ya mraba kama nilivyofundishwa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliwaonyesha wenzangu.

Wiki mbili baada ya Meiqi kufika, Zena alinitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya maandazi ya mvuke, nikatoka kwenye foleni.

"Dada, umetuletea nani?" alisema Zena, sauti ya chini kama mtu aliyejificha chooni. "Mwenyekiti kaisoma barua yako mbele za watu. Kila akigeuza ukurasa ni kamati, mara polisi, mara chama, mara nyota. Bi Kidawa kauliza, mtoto wa kusikiliza nyimbo atembea na polisi na chama cha nini? Na mwenyewe, dada, aandika majina. Aandika fulani kafundishwa na nani, akaa nyumba ipi, achora na ramani ya uwanja. Kina mama wamekunja miyaa yao ya ukili wameondoka. Mwenyekiti asema Jumatatu apeleka shauri wilayani. Wilaya wakimkataa, kibali hakuna, masomo hakuna. Mimi nimeambiwa niseme kama namjua. Namjua mimi?"

Hakuna kilichoandikwa mle ambacho si kweli, na kwa kuwa kilikuwa kweli chote, nilishindwa pa kuanzia kukikanusha. Nilimpigia Meiqi. Alizungumza Kichina, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia simuni. Alisema anakula peke yake chumbani na watoto wa jirani wanachungulia dirishani. Aliniuliza amekosea nini. Sikumwambia. Nilisema nitashughulikia, maneno ya mtu ambaye hana la kushughulikia.

Dawa niliyoifikiria kwanza, mtacheka, ilikuwa barua nyingine. Niliiandika asubuhi hiyo hiyo, ya kueleza kwamba mihuri huku ni mambo ya kawaida, nikaipeleka kwa Mzee Liang aitie sahihi na muhuri wa ofisi. Alikuwa anaishi nyuma ya Xiaobei, ngazi ndefu, na masikio yake yalishaanza kumtupa. Aliisoma yote na kile kioo.

"Huu utakuwa muhuri wa saba, mama," alisema.

"Wa kueleza ile sita, mzee."

Akacheka bila sauti. "Sikiliza. Mimi nilitumwa kweli. Serikali ilinipa viatu, soksi, mswaki. Kila Jumamosi tuliandika taarifa, nani amesema nini kambini. Na watu wa kwenu waliniita rafiki, walinipa ndizi, mzee mmoja alitaka kuniozesha binti yake. Huyu mtoto ameuziwa kibanda na mama yake, amekwenda na miguu yake, wanamuogopa. Sasa niambie, karatasi yako atasoma nani?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti ameshasoma. Nani alikuwa anasikia?"

Waliosikia walikuwa Bi Kidawa na wenzake, kina mama ambao hawajawahi kuhitaji karatasi ili kumjua mtu. Wao humuuliza mgeni kwenu ni wapi, mamako nani, umehamia lini. Mimi niliwapa ofisi sita nikasahau kuwapa mama. Na hata mwenyekiti nilimwonea bure kumdhania ni mla mihuri. Alikuwa bwana wa kawaida aliyepata woga akausoma kwa sauti. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo ilivyo, lakini kamba ya Meiqi niliifunga mimi.

Kwa hiyo nilipanga na Zena, na Jumamosi nilikwenda Shahe kwa Mama Meiqi. Nilimweleza kwamba kina mama wa Tanga wanataka kumwona kwa simu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono, na mikono hiyo ilisimama. "Kwa nini? Mtoto kafanya nini?" Nikasema hajafanya kitu, wanataka kujua anatoka kwa nani. Akatazama huku na huku. Jirani yake wa kibanda, aliniambia, anasema watoto wanaokwenda nje hurudishwa wamebadilishwa vichwa, na mama zao huja kuulizwa. Je, simu hii itabaki na kumbukumbu? Nani ataisikiliza? Nilimjibu kwamba sijui, kwa sababu kweli sikujua. Mwishoni alivaa blauzi safi juu ya ile ya kazini, akakaa katikati ya maboksi ya zipu.

Ilikuwa saa tisa alasiri huku, soko limeshapungua, na Tanga ni saa nne asubuhi. Zena alishika simu ya Meiqi. Meiqi mwenyewe walikuwa wamemwambia abaki chumbani, asije akampa mama yake ishara. Niliwaona kina mama wamejaa uwanjani, kanga zimevutwa mpaka kwenye nyusi, na mwenyekiti, Bwana Kombo, kakaa kwenye kiti peke yake na daftari mapajani. Tuliamkiana. Niliwatafsiria salamu zikachukua muda, kwani kwetu salamu haziishi na kwa Mama Meiqi zilikuwa zimeisha na neno la kwanza.

Kisha Bi Kidawa, mtu mzima kuliko wote pale, akasema, "Muulize huyo mama. Mwanawe katumwa na serikali?"

Nikatafsiri kama lilivyo, ndiyo kazi.

Mama Meiqi hakujibu. Aligeuza macho kushoto, kwenye kibanda cha jirani, akayageuza kulia, kwenye njia ambayo watu walikuwa wakipita na mabunda. Akatazama simu. Akabana midomo. Mimi niliyekuwa ubavuni mwake niliona hofu, hofu ya mtu aliyeulizwa neno serikali hadharani. Waliokuwa Tanga waliona mtu anayetafuta uongo.

"Mbona anyamaza?" Zena aliuliza. "Dada, mbona anyamaza?"

Katika miaka yangu yote nimetafsiri matusi, dua, na mikataba ya friji, lakini sikujua namna ya kutafsiri kimya. Mkalimani haongezi lake. Nilimfundisha kila mmoja wenu hivyo, na nimewahi kumwondoa mmoja wenu kazini kwa kuongeza. Nikaona Bwana Kombo anafungua kalamu.

"Zena, nanyi nyote mnaonisikia," nilisema, "sasa sitafsiri, nasema mimi. Mihuri ile niliiomba mimi. Mtoto alikuja na mmoja, wa shule yake. Mimi nikamtuma polisi, mimi nikamtuma kwa kamati na kwa chama, kwa sababu nilidhani nanyi ni watu wa kutishwa na karatasi. Kama kuna aliyetumwa hapa, ni huyo binti, na aliyemtuma ni mimi."

Mama Meiqi alinivuta mkono. "Umesema mengi, na mimi sijafungua mdomo. Umesema nini?" Nikamtafsiria maneno yangu mwenyewe, na sijawahi kupata kazi ngumu kama hiyo. Uso wake ulibadilika. "Ni wewe uliyempeleka polisi kuomba karatasi? Alirudi nyumbani siku ile hakula. Alifikiri wanamtafutia kosa asiende." Hilo sikulijua. Miaka miwili nilikaa naye meza moja na sikujua kwamba mtoto yule alikuwa akizunguka kwenye zile ofisi huku anaogopa, kwa kuwa mwalimu wake alimwambia aende.

Mama Meiqi aliachana nami, akaisogelea simu mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Yule mwanamume mwenye daftari ni nani? Anaandika nini? Ni mtu wa serikali?"

Nikatafsiri, bila kuongeza.

Bi Kidawa akacheka kwa sauti ya kifua. "Mwambieni ndiyo. Yule ndiye wa serikali. Sisi wengine twasuka." Wenzake nao wakacheka, na Bwana Kombo, aliyekuwa mtu wa haya kuliko nilivyodhani, akafunga daftari akalikalia.

"Basi wanajua ilivyo," Mama Meiqi alisema polepole. "Muulize huyo bibi, mwanangu anakula?"

Nilipolitafsiri hilo, Zena alimpa mtu mwingine simu. Nilimsikia anabisha mlango, nikamsikia anasema, "Toka mwanangu, njoo umwamkie mamako." Meiqi alitoka macho yamevimba. Mama na mwana walizungumza kwa lugha ya kwao, ile ya Guangzhou yenyewe, ambayo mimi naisikia nusu tu, na hakuna aliyeniomba nitafsiri. Nilikaa juu ya boksi la zipu nikalia, nikijificha nyuma ya mkoba. Jumatatu Bwana Kombo hakwenda wilayani. Alisema karatasi atakaa nazo yeye na binti akae na Zena.

Wadogo zangu, kama ningekuwa mtu wa kuwapambia, ningekomea hapo. Miezi miwili baadaye Meiqi alinipigia. Kina mama walikuwa wamesharudi uwanjani, tayari ana nyimbo nyingi, anasuka ukili uliopinda. Lakini yule anayeongoza kundi la wanafunzi wenzake kule, kijana kama yeye, alikuwa amempigia kwa upole kabisa. Alimwomba aandike ukurasa mmoja: watu wa mtaa wanasema nini juu ya nchi ya Wachina. Kila mmoja anaandika, alimwambia, ni kitu kidogo, wakubwa wanapenda kuona tunafanya kazi.

"Mwalimu," Meiqi alisema, "nikikataa nitaonekana. Nikiandika, basi kina mama walikuwa wamesema kweli."

Nilikuwa nimesimama mbele ya simu nikawaambia mdogo wangu na mtaa mzima kwamba mtoto huyu hakutumwa na mtu ila mimi, na haikuwa uongo siku ile. Sasa ilikuwa inageuka uongo mkononi mwangu. Nilitamani kumwambia aandike mambo ya hali ya hewa, anyamaze, na mimi ninyamaze. Ningeweza. Hakuna ambaye angejua.

"Mwambie Zena," nilisema. "Kabla hujaandika hata neno."

"Atanifukuza."

"Huenda."

Alikata simu. Siku mbili sikupata habari, na siku hizo mbili sitaki kuzikumbuka. Nilitafsiri mkataba mmoja mara tatu nikiruka ukurasa ule ule. Siku ya tatu Zena alituma sauti, na hakuwa amejificha popote. Nyuma yake nilisikia kina mama wakibishana.

"Dada, kanambia. Nilikasirika, siwezi kukuficha. Nikawaita kina Bi Kidawa, kawaambia na wao kwa mdomo wake. Kisha Bi Kidawa akasema, kama wataka kujua twasema nini, si waandikiwe? Basi tumemwandikisha. Tumewaambia watu wao walipasua barabara hapa wakaacha mtaro wazi, watoto watumbukia. Tumewaambia mashuka yao yachuja. Tumewaambia mtoto wao ni mzuri, awaamkia wakubwa, wasimsumbue kwa maswali, waje watuulize sisi. Akasema haiwezekani, ataonekana kaandika yeye. Tukamwambia lete kalamu. Tumetia majina yetu chini, dada, sote tisa, na nyumba zetu. Mimi wa kwanza."

Meiqi aliupeleka ukurasa ule kama ulivyo. Alimaliza nyimbo zake, akamaliza shahada, sasa yuko Shahe kwa mama yake akitafuta kazi, na mimi nimestaafu. Hakuna aliyewahi kuujibu ukurasa ule. Hatujui kama ulisomwa, wala na nani, wala umewekwa wapi. Zamani nilikuwa na jina moja la kuogopea, la Meiqi. Sasa nina kumi, na tisa kati ya hayo yalijiandika yenyewe kwa mkono, kwa sababu ya barua yangu. Na simu ya Tanga ikiita, nasoma kwanza ni nani, kisha nakaa kitako, ndipo nipokee.